Eliaichi Alivyompa Mtani Wake Sauti Yangu

Eliaichi alipohamia kwangu Mabibo alikuja na begi moja la nguo na mawili ya nyaya. Nikamwuliza, "Mwanangu, unakuja kupanga au unakuja kufunga umeme mtaa mzima?" Akacheka, akarudia shikamoo yake, maana ile ya kwanza sikuiitikia, macho yangu yalikuwa kwenye nyaya. Nikampa chumba cha uani, kile ambacho mbu wake ni wakubwa hata wakitaka kuingia hubisha hodi. Hakushtuka. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu stendi ya Moshi kwa miaka sita, na kwa mtu aliyekaa stendi miaka sita, mbu anayebisha hodi ni mgeni mwenye adabu.

Alikuwa binti wa miaka thelathini na moja, mwembamba, vidole vina alama ndogondogo za kuungua na lehemu. Hakuja Dar kutafuta kazi. Alikuja na kitu chake kichwani, na wa kwanza kukielewa alikuwa Najat.

Najat anapika chakula Temeke, kwenye gereji, anawalisha mafundi. Kila asubuhi anakuja soko la Mabibo kuchukua ndizi, nyanya na vitunguu, kisha anapita barazani kwangu kulalamika. "Bi Mwamvita, nimetoka Temeke yote hii nakuta nyanya imepanda. Ningejua ningenunua kwetu!" Eliaichi alimsikia siku tatu mfululizo. Siku ya nne akamwandikia namba kwenye kipande cha boksi. Unapiga namba ile, simu inapokelewa, sauti inakwambia bei za Mabibo za leo, basi. Haitaki simu kubwa, haitaki kusoma. Mie mwenyewe kusoma sijui, lakini namba ile niliipiga.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Eliaichi mwenyewe. "Habari. Bei ya nyanya kwa leo ni..." Najat akashusha simu sikioni. "Dada Eli, huyu ni wa benki? Nimekosa nini mie?"

Ndipo akanigeukia mimi. Asubuhi nikaenda sokoni, nikauliza bei zote, nikarudi. Akaniingiza kwenye kabati la nguo, katikati ya kanga zangu, eti huko sauti haigongi ukuta. Nikakaa gizani nimeshika simu yake kama bibi harusi aliyefichwa. Nikasema, "Asalaam aleikum wanangu, na Wakristo bwana asifiwe. Nyanya leo zimeshuka, lakini ni kubwa. Moja imedondoka kwenye toroli ikaziba njia, mpaka trafiki kaitwa. Vitunguu vimepanda, na muuzaji wake mkali, ukimwuliza bei unalia kabla hujamenya. Ndizi za Bukoba zimeingia. Mkungu mmoja umebebwa na watu wanne kama jeneza, mie nikasimama pembeni nikaomba dua." Kisha nikataja bei, za kweli, sikuongeza hata senti. Uongo wangu haujawahi kugusa bei.

Wallahi, watu walipiga. Alipiga Najat, wakapiga mashoga zake, namba ikafika Tandika, ikavuka maji Kigamboni, ikapanda mpaka Bunju. Walipiga kuuliza bei, wakamaliza, wakapiga tena ili mume asikie habari ya nyanya. Ikafika mahali simu zinagongana, kumi zinapita na mia zinarudishwa. Kompyuta ya Eliaichi ikawa moto, nikawa napasha maandazi juu yake.

Eliaichi akaniambia, "Bibi, hiki kitu kimeshanizidi. Lazima niingie kwa wenzangu."

Wenzake walikuwa Kinondoni, juu ya duka la vigae, mahali wanapoita habu. Wanakutana huko vijana wenye kampuni changa, kila mmoja na kompyuta yake na kahawa ya bure. Kila mwaka habu inachagua kampuni moja tu. Inapewa ofisi, laini za simu, mwanasheria, na watu wa kuishika mkono mwaka mzima. Nafasi moja. Eliaichi aliitaka nafasi ile mpaka akawa anaitaja usingizini, na ukuta wa chumba chake ni mwembamba.

Mlango wa habu hauna mlinzi wala kufuli, lakini sijaona mlango mgumu kama ule. Akiingia wanamwuliza, "Sista, uko na nani? Nani kakuleta?" Anajibu, "Nimekuja mwenyewe." "Ooh, safi sana, karibu." Kisha wanageuzia viti upande wa pili. Wiki mbili alikaa meza ya karibu na choo, peke yake, anakaribishwa na kila mtu na hakuna anayekaa naye. Jioni anarudi kwangu amechoka kuliko mbeba zege.

Nikamwambia, "Kesho naenda na wewe." Nikachoma vitumbua, nikajaza bakuli, nikajifunga kanga mpya. Tulipofika nikaweka bakuli kwenye ile meza ya chooni, nikafunua. Harufu ya iliki ilishuka ngazi, ikavuka barabara, ikarudi imemshika mkono askari wa benki.

Aliyesimama wa kwanza alikuwa Gibson. Kijana mrefu, kofia kaigeuza nyuma, mdomo haupoi. Akachukua viwili, akauliza huku anatafuna, "Bibi, huyu sista wa wapi?"

"Mwulize mwenyewe, ana mdomo."

"Machame," Eliaichi akasema.

Gibson akajishika kichwa. "Mchaga! Jamani, funikeni kompyuta zenu, ameingia Mchaga! Nani kamfungulia?"

Eliaichi akainua uso. "Na wewe wa wapi?"

"Usangi."

"Aa, Mpare! Basi rudisha kitumbua changu kabla hujakifungulia kesi!"

Watu wakaangua kicheko, na mie nikaona uso wa binti yangu unafunguka kama dirisha lililokwama miaka. Wachaga na Wapare ni watani. Sie Wazaramo tunao wetu, Wanyamwezi, kwa hiyo najua. Mtani anakutukana hadharani, anakuvua kofia, anakula sahani yako, na wewe unasema chukua. Ukinuna, wewe ndiye umeharibu. Na siku ya msiba wako mtani ndiye anayekuja kufanya vituko ili usife na wewe kwa majonzi. Wiki mbili watu wale walimwambia Eliaichi karibu sista. Aliyemwita mwizi ndiye aliyemkaribisha.

Siku hiyohiyo Gibson akamzungusha meza kwa meza. "Huyu mwizi wangu kutoka Machame. Msikilizeni, ana kitu." Wakamsikiliza! Akampeleka mpaka kwa Felicitas, mama anayeiongoza habu, mwanamke wa miwani na maneno machache. Felicitas akapiga ile namba mbele yetu, akanisikia nikizungumzia papai lililozaa mapacha, akacheka mpaka akavua miwani. Eliaichi akaandikwa kwenye orodha ya watakaogombea ile nafasi.

Tangu hapo Gibson akawa wa kwangu. Alikujaga Mabibo mara tatu kwa wiki, anaingia bila kubisha. "Mke wangu, umepika nini?" Ndivyo alivyoniita, na mie namjibu, "Mume mwenyewe huna hata ndevu za kushika." Aliondoka na mwamvuli wa Eliaichi, akaondoka na chaja yake. Siku moja aliondoka na saa yangu ya ukutani, eti mke wake anachelewesha chakula. Kesho yake akairudisha ina betri mpya. Tukacheka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna harusi.

Eliaichi naye hakuwa mnyonge. Gibson alipofiwa na shangazi yake kule Temeke, Eliaichi alikwenda kama mtani anavyotakiwa. Akavaa gauni la marehemu, akatembea kama marehemu alivyotembea, akajilaza njiani jeneza lisipite, anapiga kelele, "Hapiti Mpare hapa bila kunipa mbuzi!" Wazee wa Kipare walicheka machozi yakiwa bado mashavuni. Gibson akamnyanyua kutoka chini, akaweka kichwa begani kwake, akalia kama mtoto. Niliyaona hayo kwa macho yangu, na sikuongeza chochote.

Basi Gibson akawa anatusaidia. Maneno ya wenye mitaji yeye aliyajua, akaandika karatasi zote za Eliaichi. Sauti zangu zote za kabatini akazihifadhi kwenye kompyuta yake, eti zisipotee. Jina pia alilitoa yeye: Sauti ya Bibi.

Ikabaki wiki moja. Alhamisi wakaitwa wagombea wote habu kufanya mazoezi ya kupichi, yaani kusimama dakika tatu ukajieleza mbele ya wenye hela. Felicitas alisimamisha simu kwenye kijiti chake, inarekodi kila mtu ili ajione makosa. Mie nilikaa nyuma na bakuli langu.

Eliaichi alijieleza vizuri. Hakujikwaa. Watu wakapiga makofi. Alipokuwa bado amesimama, Gibson akainuka, akageukia watu, akapiga kifua. "Jamani, mimi hii Sauti ya Bibi naichukua! Leo nataka nione kwa macho yangu Mchaga anatoa kitu!"

Ukumbi ukalipuka. Eliaichi akacheka, akapunga mikono yote miwili. "Chukua, Mpare wewe! Chukua yote! Ila usinipeleke mahakamani tu!"

"Na mke wangu je?" Gibson akanigeukia.

Na mie, kwa mdomo huu, nikasimama, nikakaza kanga kiunoni. "Nichukue na kabati langu!"

Watu walicheka. Kuna kijana alicheka mpaka akakalia kahawa yake. Felicitas mwenyewe alicheka. Ile simu kwenye kijiti ilikuwa inatutazama tu.

Siku ya siku ikafika. Najat alifunga jiko lake Temeke akaja, amevaa baibui jipya. Tukakaa safu ya tatu, Eliaichi katikati, karatasi mkononi. Felicitas akasoma majina, moja baada ya jingine, mpaka akafika kwetu. "Sauti ya Bibi. Mwanzilishi wake, Gibson."

Eliaichi akacheka. Kweli, alicheka kwa sauti, akanipiga kofi gotini. "Huyu Mpare ana wazimu, bibi, ameingia mpaka kwenye orodha!" Alidhani utani bado unaendelea. Gibson akapanda mbele, kofia kaivua, shati kachomekea. Eliaichi akajiweka sawa kwenye kiti akisubiri aitwe. Dakika ya kwanza Gibson alieleza jinsi alivyokaa Mabibo na bibi mmoja asiyejua kusoma. Ya pili alieleza habari za mama mpishi wa Temeke, na mama mpishi wa Temeke yuko hapo, anamkodolea macho. Nikamgeukia Eliaichi. Kicheko kilikuwa bado kiko usoni, lakini mwenyewe hayupo. Dakika ya tatu ikaisha na hakuitwa mtu.

Nafasi akapewa yeye.

Tulimkuta Felicitas koridoni. Eliaichi hakupiga kelele. "Mama, kile kitu ni changu."

"Dada Eliaichi, Gibson alileta fomu ya kubadili mwanzilishi Ijumaa, pamoja na video ya mazoezi. Ulisema chukua yote, watu arobaini wapo. Bibi naye alisema."

"Ule ulikuwa utani!"

Felicitas akavua miwani, lakini safari hii hakuwa anacheka. "Nakuelewa. Mimi mwenyewe nina watani wangu. Lakini wenye mitaji wameshatia saini, na wao wanaangalia kilichorekodiwa. Nitawaambia nini? Nitawaambia tulikuwa tunachekeshana?"

Gibson akatokea, anapeana mikono na kila mtu, na kilichoniuma ni kwamba alikuwa anacheka kicheko kilekile cha nyumbani kwangu. "Mtani! Mbona sura hivyo? Umenuna? Mtani hanuni!"

"Gibson, utanirudishia lini?"

"Nikurudishie nini, mtani? Si ulinipa, mbele za watu?"

Mie nilijua kilichomfunga Eliaichi mdomo. Akikasirika ameharibu utani, na kila mtu pale atasema Mchaga hajui kutaniwa. Akicheka, ametoa. Mwamvuli tulisema chukua, chaja tukasema chukua, saa nayo chukua. Mdomo wetu ulikuwa umeshazoea njia. Mpaka leo sijui kama kijana yule alipanga tangu kitumbua cha kwanza, au shetani alimpitia Ijumaa ile na fomu mkononi. Yale machozi ya begani kule Temeke nayo sijui niyaweke wapi. Ningejua, ningekuwa nalala.

Najat ndiye aliyemtukana, tusi refu la Temeke lenye ghorofa tatu, lakini Najat si mtani wake, kwa hiyo likawa tusi tu. Yule askari wa benki akaitwa, akatuomba tushuke.

Eliaichi alirudi habu mara moja tu, kuchukua nyaya zake. Walimjua wote sasa. Wakamwambia hata mgeni mmoja aliyekuwa amekaa ile meza ya chooni. "Huyu ndiye yule dada aliyetoa." Akafunga begi, akaweka meza barazani kwangu, akaanza kutengeneza simu za watu.

Mie nikasema basi, mdomo wangu naufunga. Bila mie, Sauti ya Bibi itasema nini? Nilijipa moyo hivyo kwa wiki tatu. Asubuhi moja Najat akaja mbio, simu kaishika mbele kama kaokota nyoka. "Bi Mwamvita, mbona umerudi kwake?"

Nilikuwa mkekani nakula mihogo, mdomo umejaa. Akaniwekea sikioni. Nikajisikia. "Asalaam aleikum wanangu, na Wakristo bwana asifiwe." Bei za siku hiyohiyo! Mie sijatoka hata nje, sijasema hata bismillahi, na kule Temeke, Tandika, Bunju, nazungumza.

Eliaichi alisikiliza mpaka mwisho, akaweka simu chini polepole. "Ni mashine, bibi. Siku hizi zipo. Unailisha sauti ya mtu, inajifunza, halafu inasema chochote."

"Hata nisichosema?"

"Hicho ndicho inachosema."

Nikaomba nisikie tena. Ilikuwa inasema nyanya kubwa imeziba njia, trafiki kaitwa. Nyanya yangu ileile! Na ilicheka ninavyocheka, ila ilicheka mapema, kabla trafiki hajafika. Nimewadanganya watu maisha yangu yote. Nimewaambia nimepanda kiboko Rufiji, nimewaambia mume wangu wa pili alikuwa na vivuli viwili. Lakini ni uongo wangu, nimeutunga mwenyewe. Huu sikuutunga na umetoka kinywani mwangu.

Miezi miwili ikapita, alasiri moja Gibson akaja. Viatu vipya, virefu mbele, vinafika kabla yake. Akasimama mbele ya meza ya Eliaichi.

"Mchaga mwizi wewe! Bado unaiba simu za watu?"

Eliaichi akainua uso. Akaweka chini chuma cha lehemu. "Habari za mchana, bwana Gibson. Karibu."

Gibson akacheka. "Bwana Gibson nani? Mtani, hata tusi moja?"

"Karibu kiti, bwana Gibson. Nikuletee maji?"

Akacheka tena, kidogo zaidi. Akanigeukia. "Mke wangu, mwambie huyu Mchaga aache maringo. Na wewe umeacha kunipikia siku hizi?"

Wanangu, ulimi uliniwasha. Neno kuhusu vile viatu lilikuwa limeshafika kwenye meno, neno zuri, na nilimpenda kijana yule, sitaficha. Nikalimeza. Nikamwangalia tu, mikono mapajani.

Akavuta kofia. Akasema, "Shikamoo, bibi."

Hakuwahi kuniamkia, hata siku moja. Mume haamkii mke.

"Marahaba, baba," nikasema. "Una shida gani?"

Akaanza kusema huku anatazama chini. Watu wanapungua. Wanasema bibi anarudia mambo, nyanya ni ileile. Mashine inajua sauti, haijui kutunga. Anataka nirudi kabatini, au kabati lihamie ofisini Kinondoni, kuna chumba maalumu, kina kiyoyozi. Eliaichi naye ataangaliwa, nafasi haikosekani.

Eliaichi akanitazama. Nikatikisa kichwa. "Bibi amekusikia, bwana Gibson," akasema. "Jibu ni hapana. Asante kwa kufika."

Gibson akavua ile kofia, akamnyooshea. "Basi chukua. Chukua kofia, mtani. Nivue na shati kama unataka. Nichukulie kitu!"

Eliaichi hakuipokea. Akaokota chuma chake cha lehemu. "Asante, bwana Gibson. Sina shida nayo."

Akaondoka. Kwenye kona akageuka, nadhani alitegemea atatukuta tunamcheka. Eliaichi aliinama kwenye simu ya watu, akajichoma kidole, akakiweka mdomoni, akaendelea.

Hapo akapita mama mmoja simjui, na mwenzie, vikapu kichwani vimetoka sokoni. Akasimama. "Bibi wa simu! Si wewe? Yaani leo umenivunja mbavu na ile nyanya yako!"

"Sikusema mie, mwanangu," nikamwambia. "Ile ni mashine. Mie sijasema neno tangu mwezi wa tatu."

Akashika nguzo ya baraza, anacheka. "Bibi wewe kwa uongo hujambo!"

"Ni kweli, mama," Eliaichi akasema bila kuinua kichwa. "Si yeye."

Yule mama akazidi kucheka, akaondoka na mwenzie, nikamsikia mpaka mwisho wa mtaa akisema, "Eti mashine! Eti sijasema mie!"